Wasioweza kukimbia: vita ikifika mlangoni, nani anawatoa?

#1 Mwambao wa Kibirizi

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye ule uzi wa Kongo uliofungwa kuna mdau aliuliza, na wengi wakamuunga mkono: "Hawa watu walijua vita inakuja, si wangeondoka mapema?" Sikumjibu kule kwa sababu matusi yalishaanza. Namjibu hapa, na naomba mnivumilie kwa urefu.

Wanaoondoka mapema ni wenye miguu, nauli na jamaa wa kufikia. Hao wakishapita, tazama nani amebaki mjini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji jana. Mzee wa kiharusi. Mtoto aliyetundikiwa dripu. Mfungwa. Kipofu anayeijua njia ya kwake tu. Halafu kuna yule binti au kijana ambaye ana nguvu zake zote lakini hawezi kumwacha mama yake kitandani. Huyo hatumhesabu kabisa, na kila asiyeweza kutembea anabaki na mmoja au wawili wa namna hiyo. Kwa hiyo ukisikia kwamba mji wa watu laki kadhaa umebaki na "wachache waliokaidi", jua wengi wao hawakukaidi chochote.

Nitoe mfano wa kwetu, maana niliushika kwa mikono. Mwaka 2015 nilikuwa kwenye kundi la vijana wa kujitolea Kagunga. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya Kigoma, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Barabara ya gari hakuna. Unakwenda kwa boti, au unapanda mlima kwa miguu. Baada ya Rais Nkurunziza wa Burundi kuteuliwa kugombea muhula wa tatu mwishoni mwa Aprili, Bujumbura ikachafuka, na wiki chache baadaye makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala kwenye ule mchanga. Vyoo hakuna, maji ni ya ziwani, na ziwani ndiko kila kitu kinakokwenda. Kipindupindu hakikuchelewa. Kufikia Mei 22 zilihesabiwa kesi kama 3,000 na vifo 31, wawili wakiwa Watanzania.

Meli ya kuwatoa ilikuwa MV Liemba, ile ile ya Mjerumani ya 1913. Ilikuwa inabeba watu 600. Kagunga haina gati, kwa hiyo meli inasimama mbali, watu wanapelekwa na boti ndogo halafu wanapanda juu ubavuni. Hebu fikirini wenyewe: ukitangaza tu "haya, njooni mpande", nani anafika mbele? Vijana wa kiume wenye mabega. Bibi anabaki palepale alipo, na kesho ukirudi umeambiwa meli ilijaa.

Ikabidi kazi ipinduliwe. Unaanza na waliolala, halafu wajawazito, halafu watoto wasio na mtu, na wenye nguvu wanangoja. Hapo ukagundua tatizo la pili. Mama mgonjwa ukimpandisha peke yake, watoto wake watatu wamebaki mchangani na hakuna anayejua ni wa nani. Kwa hiyo ukaacha kuhesabu vichwa, ukahesabu kaya. Mgonjwa mmoja anapanda na watu wake watano, hata kama hao watano ni wazima na foleni nzima inakutukana. Wakifika Kigoma wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Na hiyo ilikuwa kazi rahisi! Hakuna aliyekuwa anapiga risasi. Serikali ilikuwa imekubali. Meli ilikuwepo, tena yenye uzoefu, maana 1997 ilitumika kuwarudisha Wakongo kwao. Pamoja na yote hayo watu walikaa Kagunga kwa wiki nyingi. Sasa ongeza risasi, vizuizi barabarani na makamanda wawili wasioaminiana, halafu uniulize tena kwa nini hawakuondoka.

Karibuni tuchangie, hasa wadau wa Goma, Bujumbura na waliokuwa Sudan. Siasa za nani alianza tuziache kwenye nyuzi zake.

#2 Chalii wa Sakina

Uzi wenye nyama huu. Nimeweka kiti.

#3 Mzalendo Halisi

Mkuu umeandika vizuri ila unazunguka. Wakubwa wanataka madini, basi. Hiyo mikataba ya Geneva ya sheria za vita mnayoisema kila siku imewahi kumzuia nani? Mikataba ni ya kusomewa maiti.

#4 Wakili Mlalahoi

@Mzalendo Halisi kabla ya kuitupa, tuone inasema nini, maana wengi wanaitukana bila kuisoma.

Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 17, unazitaka pande zinazopigana zijitahidi kufanya makubaliano ya mahali pale pale ili kuwaondoa majeruhi, wagonjwa, wasiojiweza, wazee, watoto, wajawazito na waliojifungua kutoka eneo lililozingirwa. Umeona udhaifu wake: wanatakiwa wajitahidi. Kamanda akisema "tulijitahidi, ikashindikana", umekwama naye. Na mkataba huo ni wa vita kati ya nchi na nchi. Vita vya ndani vina Itifaki ya Pili ya 1977, nyembamba zaidi, ingawa ina mambo mawili mazuri. La kwanza, watoto waondolewe kwa muda kwenye eneo la mapigano, kwa ridhaa ya wazazi inapowezekana, wakiwa na watu wazima wa kuwajibika kwa ajili yao. La pili, ni marufuku kuwaamuru raia wahame kwa sababu ya vita, isipokuwa kama usalama wao wenyewe unadai hivyo au kuna ulazima wa kijeshi usioepukika. Na ukiwahamisha, malazi, usafi, afya, usalama na chakula ni juu yako.

Jambo moja nataka kila msomaji alishike, kwa sababu huku mitandaoni linapotoshwa kila vita ikizuka. Jeshi likitoa onyo kwamba raia waondoke mtaa fulani kufikia saa fulani, aliyebaki baada ya saa hiyo BADO NI RAIA. Onyo ni wajibu wa anayeshambulia. Halimgeuzi bibi mwenye presha kuwa mpiganaji kwa sababu hakupata usafiri. Ukiona mtu anasema "waliambiwa waondoke", muulize: waliambiwa kwa lugha gani, wakapewa gari gani, wakaelekezwa wapi?

Mkataba wa Geneva hauna gari. Unachokupa ni hoja ya kumwekea kamanda mezani, na baadaye hoja ya kumpelekea hakimu. Ni kidogo, nakubali. Ila waliowahi kufunguliwa kizuizi kwa hoja hiyo hawakuona kuwa ni kidogo.

#5 Mwana Goma

Jambo kwenu bote. Muniwie radhi, Kiswahili yangu ni ya Goma, haiko ya Dar.

Hii swali ya "juu ya nini habakukimbia mbele" inatuchokeshaka. Bantu ba kule balikuwa bamesha kimbia! Ba Rutshuru na Kibumba balikuja Kanyaruchinya. Ba Masisi na Sake balikuja Bulengo, Lushagala, Rusayo, Lac Vert, zote kambi za karibu na Goma. Kuko familia zilikuwa zimehama mara tatu, mara ine. Goma njo ilikuwa mwisho ya barabara: upande moja ziwa, upande moja mupaka ya Rwanda, zile zingine masasi. Na mu kambi kwenyewe haikukuwa salama. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu ilianguka Lac Vert na Mugunga, ikaua bantu, batoto ndani.

Kisha ikafika 27 mwezi wa kwanza 2025, siku baasi ba M23 baliingia mu mujini. Umeme hakuna, maji hakuna. Nyumba zetu mingi ni za mbao, sasi inapita tu. Na chini ni jiwe ya volkano, huwezi chimba hata shimo ya kujificha. Shangazi yangu hatembei, miguu ilikufa zamani. Tulimulalisha chini mu chumba ya nyuma, tukasimamisha matela pembeni, tukapanga mifuko ya makala na maharagi upande ya barabara. Kuhamishwa kwetu njo ile: kutoka chumba ya mbele kwenda chumba ya nyuma.

Mutaniambia "mungemupeleka lopitalo". Lopitalo ya CBCA Ndosho ilijaa mpaka majeruhi banalala inje. Na lopitalo si ukuta ya masasi. ONU (Umoja wa Mataifa) yenyewe ilisema Charité Maternelle, ile ya kuzalishia, ilipigwa, bitoto bichanga na bamama ba mimba bakakufa mule.

Na bafungwa munabasahau. Ku jela ya Munzenze banaume balivunja bakatoroka. Bamama benye balikuwa upande yabo, ONU inasema balibakwa, kisha moto ikabaunguza mingi sana. Jela iko na funguo, na mwenye funguo alikimbia. Mu mpango ya serikali yoyote ya kutoa bantu mu vita, nani anaandikaka bafungwa?

Mwezi wa pili tena, M23 bakaambia bantu ba kambi barudie kwabo mu masaa 72. Kisha bakasema hapana, ni kwa kupenda. Lakini mutu akisha kusikia ile ya kwanza, ya pili haisikie. Bakabomoa bibanda. Mwenye alikuja akibebwa ku chukudu, ile pikipiki ya mbao ya kusukuma, akarudishwa akibebwa ku chukudu, na kwabo nyumba haiko.

#6 Chalii wa Sakina

@Mwana Goma pole sana ndugu yangu. Shangazi je?

#7 Mwana Goma

Iko muzima. Anakuambia asante ya kuuliza, na anauliza kama uko na mke.

#8 Chalii wa Sakina

😂😂 Mwambie nakuja na mahari ya ng'ombe.

#9 Mzee wa Kofia ya Buluu

Nimestaafu jeshi, na nilivaa kofia ya buluu ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko mashariki ya Kongo. Sitasema mwaka wala kikosi. Nataka kueleza jinsi msafara wa raia unavyofanya kazi, kwa sababu watu wanadhani ni kupata mabasi tu.

Mabasi ni jambo la mwisho. Kwanza ni kwamba kila mwenye bunduki njiani ajue. Makamanda wakubwa wanaweza kukaa hotelini wakakubaliana na kupiga picha, lakini yule kijana aliye kwenye kizuizi cha tatu, ambaye hajala tangu jana, hakuambiwa kitu. Yeye anaona magari kumi yanakuja. Kwa hiyo unahitaji jina la mkuu wa kila kizuizi, na mtu wa kumpigia simu akusikie kabla hujamfikia. Njia ipi, magari mangapi, namba zake, saa ya kutoka, saa ya kufika. Unatoka alfajiri ili upate mchana wa akiba. Mwendo ni wa gari bovu kuliko yote, na gari la wagonjwa haliwekwi mwisho. Vyoo! Watu hucheka nikisema vyoo, lakini msafara ukisimama porini ili wazee na watoto wajisaidie, hapo ndipo unapopotea.

Ulinzi wa silaha una pande mbili. Iwapo upande wowote wa vita unamwona mlinzi kama adui, basi umewabebea raia shabaha. Ndiyo maana Msalaba Mwekundu kwa kawaida hawapendi kusindikizwa na bunduki, wanategemea makubaliano. Lakini mahali penye majambazi wasiojua makubaliano, bila bunduki hufiki.

Halafu kuna kuwakusanya watu sehemu moja halafu ukaondoka. Hilo ni kosa ambalo jeshi lolote linapaswa kufundishwa darasani. Kicukiro, Kigali, Aprili 11, 1994: watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamejihifadhi kwenye shule ya ETO kwa sababu askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwepo pale. Askari wakaamriwa kuondoka, wageni wakatolewa, na wanamgambo wa Interahamwe wakaingia. Wale watu wangetawanyika, pengine baadhi wangepona. Walikaa kwa sababu waliiona bendera.

Mwezi uliofuata, Mei 3, UNAMIR (kikosi cha Umoja wa Mataifa Rwanda) walijaribu kuwatoa watu hoteli ya Mille Collines kwa msafara. Kizuizini wakashushwa, wakapigwa, msafara ukarudi hotelini. Baadaye Mei hiyo hiyo ikawezekana, na kilichobadilika ni mpango: serikali na waasi wa RPF walikubali kubadilishana watu, wa huku kwenda kule na wa kule kuja huku. Kila upande ulikuwa na wake wa kupokea.

Ona na jambo la karibuni. Goma ilipoanguka, mamia ya askari na polisi wa Kongo walijisalimisha kwenye kambi za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa Kongo, wakanyang'anywa silaha. Kuanzia Aprili 30, 2025 Msalaba Mwekundu wa kimataifa ukawasafirisha pamoja na familia zao, zaidi ya watu 1,300, hadi Kinshasa, safari ya karibu kilomita 2,000. Pande zote zilikubali na njia ikafunguka. Ilipita karibu miezi mitatu tangu mji kuanguka, lakini iliwezekana. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba barabara za Kongo haziwezi kupitisha wazee na wagonjwa. Zinapitisha mtu ambaye wakubwa wana hamu naye.

#10 Mzalendo Halisi

Mzee heshima yako. Ila mimi nina hoja ambayo hamtaki kuigusa. Kuwahamisha raia ni KUMPA ADUI ARDHI. Anataka kijiji kiwe kitupu, ninyi mnaleta mabasi mnamkamilishia kazi. Kesho anagawana mashamba.

#11 Mwambao wa Kibirizi

@Mzalendo Halisi hii sasa ni hoja, na ni nzito kuliko ile ya madini.

Mfano upo, tena wa Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Aprili 2014 Waislamu waliokuwa wamezingirwa na wanamgambo wa anti-Balaka kitongoji cha PK12, kama 1,300 hivi, walitolewa kwa msafara kuelekea kaskazini, Kabo na Moyenne-Sido, wakisindikizwa na walinzi wa amani wa Umoja wa Afrika. Walikuwa wameishi pale miezi wakirushiwa magruneti. Msafara ulishambuliwa njiani, watu wawili wakafa. Na dakika chache baada ya malori kuondoka, majirani waliingia kwenye zile nyumba, wakang'oa mabati na milango. Serikali ya kule ikalalamika kwamba haikushirikishwa. Mtaa ukawa mtupu, kama ulivyosema.

Lakini wangeachwa? Walikuwa wanaomba wenyewe kutolewa, na kila wiki walikuwa wanazika. Mimi siwezi kumwambia mtu akae auawe ili ramani yangu isibadilike. Ninachokubali kwako ni kwamba anayehamisha ana deni la pili: kuandika nani alitoka nyumba ipi, shamba lipi, na kulipeleka hilo mahali litakapotunzwa. Mkataba wa Kampala wa 2009 wa Umoja wa Afrika unazungumzia mali za waliohamishwa ndani ya nchi, wakati wapo na wakati wa kurudi. Mara nyingi hakuna anayeandika chochote, halafu miaka kumi baadaye kesi ya ardhi inaanza upya kwa panga.

#12 Wakili Mlalahoi

Naongezea kwa kifupi. Tofauti ni ridhaa. Mtu akiomba kutoka, au akakubali baada ya kuelezwa ukweli, huko ni kumwokoa. Akipakiwa kwa mtutu, kumfukuza. Na kuna mabasi ya aina ya tatu: Srebrenica, Bosnia, Julai 1995, wanawake na watoto walipakiwa kwenye mabasi mbele ya kamera, wanaume na wavulana wakatengwa pembeni. Takribani 8,000 waliuawa. Kwa hiyo ukiona msafara wa kuwatoa "walio hatarini" unawachukua wanawake na watoto tu, usishangilie kabla hujauliza wanaume wamebaki mikononi mwa nani. Kijana wa miaka 17 kwenye kizuizi anaweza kuwa hatarini kuliko bibi yake.

#13 Msudani wa Buguruni

Nilikuwa nasoma Khartoum vita ilipoanza Aprili 15, 2023. Sisi wanafunzi wa Tanzania tulitolewa mwishoni mwa mwezi huo huo, kwa mabasi hadi mpaka wa Ethiopia, kisha ndege hadi Dar. Nawashukuru wote waliohusika. Lakini tulitoka kwa sababu tulikuwa na ubalozi unaojua majina yetu, na kila mmoja wetu alikuwa na uwezo wa kubeba begi lake.

Katika mji ule ule kulikuwa na kituo cha watoto yatima cha Maygoma. Watoto mamia, wengi wachanga. Umeme ulikatika, joto la Khartoum mnalisikia tu, na walezi wengi hawakuweza kuvuka mitaa ya mapigano kufika kazini. Hakuna aliyelenga bunduki kwa wale watoto. Walikufa kwa homa, kwa kukosa maji na maziwa kwa wakati. Hadi wanatolewa mwezi Juni, angalau 71 walikuwa wamekufa. Msalaba Mwekundu ukapata kibali cha pande zote mbili, watoto kama 280 na walezi 70 wakapelekwa mji wa Wad Madani.

Zingatieni hao walezi 70. Mlezi mmoja kwa watoto wanne, ndani ya basi, kwenye barabara ya vizuizi. Bila wao ungepeleka miili.

Halafu Desemba mwaka huo huo Wad Madani nayo ikaanguka mikononi mwa RSF, wapiganaji wanaopigana na jeshi la Sudan, na watoto wale wakahitaji kukimbizwa tena. Ndiyo maana nashangaa watu wanaposema "kahamishwa, kesi imekwisha".

Na El Fasher, kule Darfur, mnajua. RSF waliuzingira mji tangu Mei 2024. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2736 Juni 2024 likitaka mzingiro ukome na raia waruhusiwe kutoka. Jibu lilikuwa tuta la udongo lililochimbwa kuuzunguka mji. Waliojaribu kutoka kwenda Tawila, kama kilomita 60, walikutana na watu wanaowatenga wanaume na kudai fedha za kukomboa. Mji ukaanguka Oktoba 26, 2025. Shirika la Afya Duniani lilisema zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliuawa katika hospitali ya wazazi ya Saudi. Wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza: ndio wale wa post namba moja, mgonjwa na binti yake.

#14 Chalii wa Sakina

Hii namba 13 nimeisoma mara mbili, nikaiweka simu chini.

#15 Nesi Mstaafu Kasulu

Wanangu, mimi nimefanya kazi kambini miaka mingi. Nawapa ya hospitalini, mtajua wenyewe pa kuyaweka.

Mgonjwa akihamishwa bila cheti chake, anaanza upya. Mwenye kifua kikuu aliyekuwa mwezi wa nne wa dozi, akifika kwingine bila karatasi, hakuna anayejua alikuwa anakunywa nini, na akikatiza dawa anaweza kuambukiza wenzake kambini na dawa zikamkataa. Mwenye VVU vivyo hivyo. Wa sukari anayejidunga insulini hana siku nyingi, na insulini haipendi joto. Figo za kusafishwa kwa mashine ndizo mbaya zaidi: hao wanahitaji kuondoka kabla ya kila mtu, wakati redio bado inasema hali ni shwari. Kwa hiyo vita ikinukia, nesi mzuri anatoa dawa za miezi miwili au mitatu mkononi na kuandika kila kitu kwenye daftari la mgonjwa. Hilo halihitaji kibali cha kamanda yeyote.

Mjamzito wa miezi tisa, muulize kama anataka kuzalia njiani au kuzalia hapo. Wapo waliochagua kubaki na mkunga wao, na walikuwa na akili timamu.

Watoto: andika jina la mtoto, la mama, na kijiji. Karatasi inalowa, shati linabadilishwa, hivyo tulifunga utepe mkononi, na kwa wadogo kabisa tuliandika na kalamu isiyofutika mgongoni. Nasikia hata Geneva imesema watoto chini ya miaka 12 wavishwe kitu cha kuwatambulisha. Sisi tuliifanya kwa sababu tulikwisha kukaa na watoto wasiojua jina la baba zaidi ya "Baba". Na waliopotezana, nendeni ofisi ya Msalaba Mwekundu mahali popote mlipofika. Wana kazi ya kutafuta ndugu, bure, na wanapata watu hata baada ya miaka.

#16 Mpakani Rugombo

Nami niseme la upande wa kupokea. Februari 2025, baada ya Bukavu kuchukuliwa, watu walivuka mto Rusizi kuja kwetu Cibitoke, Burundi. Mto ule una mkondo mkali. Wengine walizama. Uwanja wa mpira wa Rugombo ulijaa, mvua juu yao. Baadaye wengi wakapelekwa kambi ya Musenyi. Sisi raia tulitoa tulichokuwa nacho, mihogo, nguo, na vijana wenye kujua mto walivusha wazee migongoni. Hakuna aliyetutuma wala kutufundisha. Kama kuna mwenye fedha anasoma hapa, maboya na kamba nene zingetusaidia kuliko semina.

#17 Tairi Mbili Mbeya

Nimesoma yote kuanzia namba moja, asanteni. Mimi natumia kiti cha magurudumu, na nimeona sisi tumetajwa kila mahali kama mizigo ya kupakia.

Mnaonaje mkituuliza? Baraza la Usalama lilipitisha azimio la 2475 mwaka 2019 kuhusu watu wenye ulemavu kwenye vita, na ndani yake kuna hilo la kutushirikisha. Huku chini mwenyekiti wa mtaa hajui hata tuko wangapi, achilia mbali nani haoni na nani hasikii. Kiziwi hasikii king'ora wala kipaza sauti cha gari; anahitaji jirani aliyekubaliana naye kabisa kwamba akimwona anamshika bega na kumwonyesha ishara fulani. Kipofu anataka kiwiko cha kushika, msimburute kwa fimbo yake.

Mimi nafahamu uzito wangu, nafahamu mahali pa kunishika nisivunjike, na kiti changu kinakunjwa kwa sekunde. Kwenye mafuriko yaliyotupata niliokolewa vizuri sana na vijana wa mtaani, nikabebwa mgongoni hadi shuleni. Kiti kikaachwa. Nikakaa chini ya dawati kwa wiki, chooni nabebwa, chakula naletewa wakikumbuka. Kwenye vita ingekuwa vivyo hivyo, ila kwa miaka.

Kwa hiyo @Mzee wa Kofia ya Buluu, kwenye ile orodha yako ya magari na namba na saa za kutoka, ongeza hili: kiti kipande gari lile lile nililopanda mimi.

#18 Mzee wa Kofia ya Buluu

Imepokelewa. Na magongo pia.